Mgeni Siku Mbili

Wahenga walituachia methali mbili juu ya mgeni, nami tangu nilipostaafu nimekuwa nikizitafakari mara kwa mara. Ya kwanza husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vijana huona kwamba methali hizi zinapingana. Mimi sioni hivyo. Nimeishi miaka sabini na minne, na kati ya hiyo thelathini na minane nilikuwa na chaki mkononi. Nimefundishwa na mgeni, nimepokea wageni shuleni kwangu, na mwisho nikawa mgeni mimi mwenyewe katika darasa la watu wengine. Huko ndiko nilikojua maana ya jembe.

Kwetu ni Nyabibuye, katika nyanda za juu za Buha, mkoa wa Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Zamani tulikuwa wilaya ya Kibondo. Tangu mwaka 2012 tumo katika wilaya ya Kakonko. Ni nchi ya maharage, mihogo, migomba na asali ya msituni. Wakati wa utawala wa Waingereza, Buha ilijulikana zaidi kwa watu wake kuliko mazao yake: vijana waliandikishwa kwa wingi kwenda kukata mkonge Tanga, nao ndio walioitwa manamba. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kwa mtu aliyekusudiwa kukata mkonge, mkoloni hakuona haja ya shule ndefu. Nilipoanza darasa la kwanza mwaka 1958, wenzangu wengi walijua kwamba safari yao ya masomo ingekoma darasa la nne, na kweli ilikoma.

Hali hiyo haikuwa ya Buha peke yake. Mwaka wa uhuru, 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi Tanganyika nzima walikuwa 490,000, na wengi wao waliishia darasa la nne. Wanafunzi wa sekondari walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu. Hesabu hizi alizitoa Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1967 katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Sasa jiulize, ndugu msomaji: nchi yenye vijana 176 wa kidato cha sita, nayo inataka kufungua sekondari mpya kila mwaka, itawapata wapi walimu? Jibu lilikuwa moja tu. Waje kutoka nje.

Nao wakaja. Uingereza ilitangulia: mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la kujitolea linalojulikana kama VSO, na wa kwanza waliopelekwa ng'ambo walikuwa vijana waliomaliza shule, hawajaingia hata chuo kikuu. Marekani ikafuata. Tarehe 1 Machi 1961 Rais John Kennedy alitia sahihi amri ya kuunda Peace Corps. Wengi hudhani kwamba kundi la kwanza la Peace Corps lililofika kwetu lilikuwa la walimu. Sivyo. Waliokwenda Ghana mwaka ule ndio waliokuwa walimu. Waliokuja Tanganyika, miezi kama miwili kabla ya uhuru, walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wataalamu wa miamba, walioandaliwa katika chuo cha Texas Western mjini El Paso, na kazi yao kubwa ilikuwa barabara. Walimu walifuata nyuma yao. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kilisimamia mpango mwingine, ulioleta mamia ya walimu Wamarekani na Waingereza katika sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Hawa walikuwa na mishahara na mikataba, lakini sisi wanafunzi hatukujua tofauti. Kwetu wote walikuwa wazungu waliokuja kwa miaka miwili.

Mmoja wao nilikutana naye mwaka 1966, nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika sekondari moja mjini Tabora. Kutoka Nyabibuye nilipanda lori la mizigo hadi Kigoma, vumbi tupu, kisha nikapanda gari moshi kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, shati moja, na Kiingereza cha kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa Kimarekani, mwembamba, ambaye kwa kumtazama ungedhani ni kaka wa mmoja wetu. Hakuwahi kufundisha kabla ya kuja kwetu, na mwenyewe hakuficha. Vitabu tulivyokuwa navyo vilizungumzia theluji, ukungu wa London na watoto waliokwenda ufukweni na mbwa wao. Kitabu kimoja tulikisoma wanafunzi wanne. Wiki ya kwanza alijitahidi kutueleza theluji. Wiki ya pili alikifunga kitabu na kukiweka mezani, akatutaka kila mmoja asimulie hadithi ya kwao kwa Kiingereza. Tukaanza na Sungura na Fisi, maana kila kabila lilikuwa naye Sungura wake.

Mwanafunzi akikosea, hakucheka wala hakuchapa. Alisema maneno mawili ya Kiswahili ambayo nadhani ndiyo aliyojifunza kwanza: "Sema tena." Ndipo jina lake likawa Sema-Tena, shule nzima. Mimi nilikuwa bubu darasani. Siku aliponisimamisha, nilitaka kueleza jinsi baba anavyotundika mzinga mtini na jinsi anavyopanda usiku kurina asali. Sentensi ya kwanza niliisema mara tisa. Ya kumi ilitoka sawa, naye akapiga makofi peke yake mbele ya darasa zima. Sijasahau makofi yale.

Alikuwa na upungufu wake. Tukimwuliza sababu ya kanuni fulani ya sarufi, alijibu kwamba ndivyo watu wanavyosema. Jibu hilo halimsaidii mtoto anayengoja mtihani. Hata hivyo, alitufungua midomo, na mdomo ukishafunguka sarufi hupata pa kuingilia.

Desemba 1967 tulifunga shule. Tuliporudi Januari, meza yake ilikuwa tupu. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha, naye amekwenda zake. Hakuna aliyetuambia mapema, na yeye mwenyewe hakutuaga. Sisi kwa ujinga wetu tulidhani atakuwa nasi mpaka kidato cha nne. Muhula mzima tulikaa bila mwalimu wa Kiingereza. Waliojaza vipindi walikuwa walimu wa masomo mengine, kila mmoja kwa namna yake. Nilimkasirikia Sema-Tena. Hasira ile niliibeba zaidi ya miaka arobaini, na nitaeleza ilikotua.

Nchi nayo ilikuwa inageuka. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, na Kiingereza kikabaki somo. Vita vya Marekani huko Vietnam vilikuwa vimeharibu mioyo ya watu wengi. Peace Corps waliondoka Tanzania mwaka 1969, mwaka ule ule niliomaliza kidato cha nne, na hawakurudi hadi 1979. Sikuwalaumu viongozi wetu hata kidogo. Taifa halijengwi na walimu wanaobadilishwa kila baada ya miaka miwili kama walinzi wa zamu.

Nikaenda chuo cha ualimu. Huko tulifundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kugawa ubao, kusimama mahali ambapo watoto wote wanakuona. Mkufunzi wetu wa Kiingereza alikuwa Mtanzania, mtu makini sana. Siku moja alituambia kwamba ufundi wake aliupata kwa mgeni mmoja aliyekuwa akiketi nyuma ya darasa lake, akimtazama anavyofundisha, kisha jioni wakikaa pamoja na kusahihishana. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata ule mpango wa Columbia uligeuzwa katikati ya miaka ya 1960: badala ya kuleta walimu wa wanafunzi, ukaanza kuleta wakufunzi wa walimu. Maneno ya mkufunzi wetu yaliniingia sikio moja yakatokea la pili. Kijana wa miaka ishirini na moja hasikii kila kitu.

Nilianza kazi mwaka 1972, mwaka wa Operesheni Kigoma, watu walipokuwa wakihamishwa kutoka vilimani kwenda kuishi katika vijiji vya ujamaa. Shule zilijengwa kabla madawati hayajapatikana. Halafu likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, na lengo la Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977. Watoto wakajaa mpaka madirishani. Ili kupata walimu, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko mashuleni, na watu wenye dhihaka wakasema kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mimi sikuwahi kuicheka dhihaka hiyo. Walimu wale ndio waliobaki. Walioa na kuolewa kijijini, wakalima shamba moja na wazazi wa wanafunzi wao, na asubuhi wakaingia darasani. Wengine walifundisha Kiingereza ambacho wao wenyewe walikisikia kwa mwalimu mmoja tu, naye alikisikia kwa mwalimu mmoja tu.

Matokeo yalikuja kupimwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukuta kwamba wengi wa sekondari hawakukijua kiasi cha kuweza kusomea masomo mengine kwa lugha hiyo. Miaka miwili kabla yake, Tume ya Rais ya Elimu ilikuwa imependekeza Kiswahili kitumike sekondari. Serikali ikaamua Kiingereza kiendelee. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa msaada wa Uingereza wa kupeleka vitabu vya kusoma katika sekondari. Huku chini, shule ya msingi, sikuona hata kimoja. Kadi zangu za maneno nilizikata kutoka mifuko ya saruji na kuziandika kwa mkaa. Na watoto wakikosea niliwaambia, "Sema tena." Sikujua kwamba nilikuwa nikimwiga mtu niliyemkasirikia.

Miaka ya 2000, nikiwa mwalimu mkuu, wageni walianza kufika mpaka kwetu. Hawa hawakuwa wa miaka miwili. Walikuwa vijana wa Ulaya waliokuja kwa wiki sita, wengine kwa wiki tatu, wakiletwa na mashirika ambayo sina haja ya kuyataja. Walikuwa na mioyo mizuri. Walikuja na kalamu, mipira na nyimbo, na watoto waliwafuata kama vifaranga. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hata wazazi ambao hawakuwahi kufika shuleni walikuja kuwaona.

Lakini mwalimu mkuu hutazama na kesho yake. Mgeni alipoingia darasa la tano, mwalimu wa darasa alitoka nje akakaa chini ya mwembe. Nani angemlaumu? Alikuwa na watoto zaidi ya tisini na vipindi visivyokwisha, alipata pumziko. Mgeni alipoondoka, mwalimu yule alirudi mbele ya watoto walewale, akafundisha kama alivyofundisha siku zote, na sasa watoto wakamwona amepungua. Walimwambia matamshi yake si kama ya mgeni. Ni kweli hayakuwa. Mtu yule alikuwa amefundisha pale miaka kumi na moja, na katika wiki sita alishushwa heshima bila yeyote kukusudia. Nililiona hilo, nikanung'unika nyumbani kwangu, sikufanya lolote. Ningeweza kumwambia mgeni: keti na mwalimu kwanza. Niliona haya kumpa mgeni jembe.

Nilistaafu mwaka 2010. Burundi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na shule zao za msingi zilikuwa zikifundisha lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Walimu wao wengi walisomea Kifaransa tu. Mtu mmoja wa ng'ambo ya mpaka, tuliyefahamiana kwa biashara ya maharage, aliniuliza kama nisingeweza kuwasaidia watoto wa shule ya kijijini kwao siku za Jumamosi. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo lugha ya kuombea maji haikunisumbua. Mwaka 2012 nikaanza kuvuka. Nilikuwa na miaka sitini na miwili, sikulipwa kitu zaidi ya chakula cha mchana, na nilijiona shujaa. Mzee wa Nyabibuye, mtoto wa manamba, amekuwa mwalimu wa kujitolea nchi ya nje!

Nilifundisha watoto kama arobaini, mwaka mmoja na miezi kadhaa. Wakasimulia hadithi. Wakasema tena na tena. Mwalimu wao wa Kiingereza, kijana mpole, alinikaribisha kila Jumamosi, akanifutia ubao, kisha akatoka nje. Nami sikumwita. Nilifurahia darasa kuwa langu.

Mwishoni mwa 2013 magoti yalinishinda. Jumamosi moja sikwenda, nikasema nitakwenda ijayo. Ijayo mvua ilinyesha. Halafu niliona aibu kwa kukosa mara mbili, na aibu ikawa sababu ya kukosa mara ya tatu. Sikutuma hata salamu. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Aprili 2015 machafuko yalianza Burundi kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka huo, na mwanzoni mwa 2016 ikafunguliwa Mtendeli, katika wilaya yetu. Siku moja nilikuwa sokoni karibu na kambi hiyo, nikanunua chumvi. Kijana mrefu akaja mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono miwili na kunisalimu kwa adabu yote ya kwao. Kisha akasema, "Mwalimu, tulikungoja Jumamosi nne."

Hakusema kwa ukali. Alieleza tu. Jumamosi ya kwanza walikaa mpaka mchana. Ya pili na ya tatu vilevile. Ya nne walikuja wachache, wakasimuliana hadithi wenyewe kwa wenyewe, wakaondoka. Nikamwuliza juu ya mwalimu wao: je, hakuendelea nao? Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Yeye hakuwa akikaa ndani, mwalimu. Angeendelea na nini?"

Nilirudi nyumbani na chumvi yangu. Usiku ule ndipo hasira ya 1968 ilipotua, na aliyestahili kuipokea ni mimi. Sema-Tena alikuwa kijana mwenye mkataba, mbali na kwao, na huenda hakuweza kustahimili kuaga watoto. Mimi nilikuwa mzee mwenye uzoefu wa miaka thelathini na minane, nyumba yangu ipo mwendo wa asubuhi moja, nami nilifanya lilelile. Tena nilifanya baya zaidi, kwa kuwa nilimwacha mwalimu mwenzangu chini ya mti, kama wageni walivyomwacha wa kwangu, na nilikuwa nimeliona kosa hilo kwa macho yangu.

Machi 2020 Peace Corps waliwarudisha nyumbani watu wao wote duniani kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kwa siku chache, madarasa ya nchi nyingi yalibaki na meza tupu. Niliposikia habari hiyo redioni sikuwaza juu ya Wamarekani. Niliwaza: katika kila shule ile, ni mwalimu gani mwenyeji aliyekuwa ameketi ndani, na ni yupi aliyekuwa nje?

Hilo ndilo ninalopenda kumwuliza kila anayetaka kwenda nchi ya watu kufundisha Kiingereza. Usiniambie umeleta vitabu vingapi, ingawa vitabu tunavihitaji, wala watoto wamekupenda kiasi gani, maana watoto humpenda kila anayewasikiliza. Niambie jina la mwalimu uliyefundisha pamoja naye, na niambie anachoweza kufanya leo ambacho hakukiweza ulipofika. Mgeni wa kuondoka hana budi kuondoka. Hakuna dhambi katika hilo. Lakini aage, na jembe aliloshika alikabidhi mkononi mwa mtu, asiliache shambani.

Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Yule kijana sikumwona tena. Siku hizi, kila Jumamosi asubuhi, walimu wawili wa shule ya jirani huja barazani kwangu na maandalio yao ya somo. Wao ndio hufundisha. Mimi huketi nyuma, kama mwanafunzi, na daftari langu. Mmoja hutamka vibaya maneno fulani ya Kiingereza, kama nami ninavyoyatamka. Nikimsikia nasema, "Sema tena." Wiki iliyopita aliniambia kwamba neno hilo sasa analisema na yeye darasani kwake, na watoto wake wameanza kumwita kwa jina hilo.